Makanisa ya Kale ya Vall de Boí: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vall de Boí ni wapi, na makanisa yenyewe ni mangapi?

Ni bonde lililo ndani ya milima ya Pireneo, kaskazini-magharibi mwa Katalunya, Hispania, katika mkoa wa Lleida. Mto Noguera de Tor unalipasua bonde hilo, na vijiji vimekaa pande zote mbili za mto, kimoja karibu na maji, kingine juu kwenye mteremko. Makanisa yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni tisa: Sant Climent na Santa Maria, yote mawili kijijini Taüll, Sant Joan wa Boí, Santa Eulàlia wa Erill la Vall, Sant Feliu wa Barruera, Nativitat wa Durro, Sant Quirc, kanisa dogo la mlimani juu ya Durro, Santa Maria wa Cardet, na Assumpció wa Cóll. Yalijengwa kati ya karne ya 11 na ya 12, na baadhi yaliongezewa sehemu baadaye.

Kwa nini vijiji vidogo hivyo vilijenga makanisa yenye minara mirefu kiasi hicho?

Kwa sababu kulikuwa na fedha za vita. Mabwana wa Erill, ukoo uliotawala bonde, walipigana upande wa mfalme Alfonso I wa Aragon alipokuwa akiteka miji ya Waislamu kusini. Zaragoza ilianguka mwaka 1118. Ngawira ikapanda milimani ikageuka mawe na rangi: tarehe 10 Desemba 1123, askofu Ramon wa Roda na Barbastro aliweka wakfu kanisa la Sant Climent, na kesho yake akaweka wakfu Santa Maria, mwendo wa dakika chache kutoka pale. Tarehe ya Sant Climent tunaijua kwa sababu iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo mojawapo ya kanisa. Ni makanisa machache ya zama zile yenye cheti cha kuzaliwa cha wazi namna hiyo.

Minara nayo haikuwa ya kengele tu. Ukisimama Taüll unaweza kuona mnara wa Erill ng'ambo ya bonde, kwa hiyo ilifaa kwa ulinzi na kupelekeana ishara.

Nitautambuaje mtindo wa Kiromaneski, yaani ule uliotumika kujenga makanisa haya, nikiwa nje ya kanisa?

Angalia vitu vitatu. Kwanza kuta: nene, za mawe madogo yaliyochongwa kwa nyundo na kupangwa kwa safu, zenye madirisha machache na membamba. Pili, apsi, yaani ule ukuta wa nusu duara unaotokeza nyuma ya altare. Tatu, chini kidogo ya paa, safu ya matao madogo yasiyo na uwazi, yaliyoshikwa kila baada ya umbali fulani na michirizi ya mawe inayoshuka hadi chini. Huo ndio ufundi wa Lombardia, eneo la kaskazini mwa Italia ambako mafundi wake walitembea Ulaya nzima wakijenga hivyo.

Katika minara, ghorofa za juu zina madirisha mapacha yenye kiguzo chembamba katikati. Siyo pambo tu: kadiri ukuta unavyotobolewa huko juu, ndivyo uzito unaobebwa na msingi unavyopungua. Ndani ya Sant Climent utaona pia kwamba nguzo zinazotenga kumbi tatu ni nyembamba kuliko unavyotarajia. Paa lake ni la mbao, jepesi, halihitaji nguzo za kubeba kuba la mawe.

Michoro maarufu ya Taüll iko wapi?

Haiko Taüll. Swali hili lingepaswa kuwa la kwanza, maana ndilo linalowaangusha wageni wengi. Yule Kristo mwenye macho makubwa aliyekaa ndani ya umbo la lozi, mkono mmoja umeinuliwa kubariki, mwingine umeshika kitabu chenye maneno ya Kilatini yenye maana ya “Mimi ndimi nuru ya ulimwengu”, yuko Barcelona, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalunya (MNAC), kwenye kilima cha Montjuïc. Michoro ya Santa Maria na ya Sant Joan wa Boí iko huko huko.

Ilihamishwa kati ya mwaka 1919 na 1923. Wafanyabiashara wa vitu vya kale walikuwa wameshaanza kununua michoro ya makanisa ya milimani ili kuiuza ng'ambo, na ya Santa Maria de Mur, kanisa jingine la Katalunya, iliishia Boston, Marekani, hadi leo. Bodi ya Makumbusho ya Barcelona ilipogundua mpango huo iliingilia kati, ikainunua iliyobaki, na kuwatumia mafundi wale wale wa Kiitaliano waliokuwa wakiwang'olea wafanyabiashara, wakiongozwa na Franco Steffanoni, kuing'oa kwa ajili ya jiji.

Mchoro wa ukutani unang'olewaje bila kuvunjika?

Kinachong'olewa ni ngozi ya rangi peke yake, ukuta unabaki. Hatua ni hizi. Uso wa mchoro husafishwa, kisha hupakwa gundi ya moto iliyotokana na wanyama na kubandikwa vitambaa vya pamba, tabaka juu ya tabaka. Gundi ikikauka hujikunja kwa nguvu na kuikamata rangi. Fundi huanza ukingoni, akivuta kitambaa taratibu huku akisaidia kwa patasi pale panapogoma, na rangi hutoka imeganda nyuma ya kitambaa, picha ikiwa imegeuka. Kitambaa huzungushwa kama mkeka, kikafungwa, kikashushwa bondeni kwa baghala. Barcelona, nyuma ya rangi hubandikwa kitambaa kipya, kile cha mbele huondolewa kwa maji ya moto, na mwisho mchoro hutandazwa juu ya fremu ya mbao iliyopindwa kwa umbo la apsi ya asili.

Kazi hii ina adui mmoja mkubwa, unyevu. Ukuta ukiwa na maji gundi haikauki, na isipokauka haivuti. Na hata inapokwenda vizuri, sehemu ya rangi iliyoingia ndani zaidi ya lipu hubaki ukutani. Mabaki hayo ndiyo yanayoonekana leo Sant Climent.

Basi ndani ya Sant Climent nitaona nini?

Kwa miaka mingi apsi ilifunikwa na nakala iliyochorwa juu ya lipu mpya. Nakala hiyo iliondolewa, na tangu 2013 mchoro hurudishwa kwa mwanga: projekta kadhaa huumulika ukuta kwa mpangilio, kwanza mistari ya mchoraji, kisha rangi moja moja, hadi apsi nzima inajaa kama ilivyokuwa 1123. Onyesho huchukua dakika kama kumi na hurudiwa mara nyingi kwa siku.

Ushauri wetu: kaa katikati ya ukumbi, nyuma kidogo, usisogee mbele kama wengi wanavyofanya. Mchoro ulipangwa uonekane na waumini waliosimama mbali, na ukiwa karibu mno uso wa Kristo unapindishwa na mkunjo wa apsi. Onyesho likiisha usitoke. Taa zikitulia, sogea utafute mabaki halisi ya rangi ukutani, ambayo wageni wenye haraka huyapita.

Rangi ya buluu unayoiona pale Barcelona haikuagizwa kutoka mbali: ilisagwa kutoka aerinite, madini yanayopatikana katika milima hii ya Pireneo.

Nianze na makumbusho au na bonde?

Makumbusho kwanza. Wapo wanaopendelea kinyume chake, lakini aliyeanza Barcelona hufika Taüll akijua kila kipande kilikaa wapi: mwanakondoo mwenye macho saba juu ya tao, Lazaro maskini akilambwa vidonda na mbwa, mitume chini ya Kristo. Aliyeanza bondeni huona mwanga mzuri na kuta tupu.

MNAC hufungwa Jumatatu. Jumamosi kuanzia saa 9 alasiri, na Jumapili ya kwanza ya mwezi, kiingilio ni bure. Ukumbi wa Kiromaneski peke yake unataka saa mbili. Usiikose mbao iliyochorwa ya altare kutoka Durro, inayoonyesha mtoto Quirc na mama yake Julita wakiteswa kwa msumeno, misumari na chungu cha maji yanayochemka, nyuso zao zikiwa shwari kabisa. Ukienda na watoto, waandae.

Ni makanisa yapi nisiyakose, na yapi naweza kuyaacha?

Sant Climent halina mjadala. Panda na mnara wake wa ghorofa sita, ngazi ni za mbao na zimesimama wima.

Baada ya hapo, sisi tungemwelekeza mgeni Erill la Vall kabla hata ya Santa Maria. Mnara wa Santa Eulàlia, wenye ghorofa sita pia, ni mwembamba na umenyooka kuliko yote bondeni. Ndani yake kuna nakala ya kundi la sanamu saba za mbao zinazoonyesha Yesu akishushwa msalabani. Sanamu za asili zilikutwa mwaka 1907 na msafara wa watafiti uliokuwa na msanifu Josep Puig i Cadafalch, kisha zikatenganishwa: Maria na Yohane wako MNAC, na wengine watano, yaani Yesu, Yosefu wa Arimathaya, Nikodemo na wale wanyang'anyi wawili, wako Makumbusho ya Askofu mjini Vic. Kwa hiyo Erill ndiko mahali pekee unapoweza kuwaona wote saba pamoja, ingawa kwa nakala.

Sant Joan wa Boí linafaa kwa jambo moja mahususi: kuta zake zilipakwa lipu upya na kuchorwa nakala za michoro, ukiwemo wa Mtakatifu Stefano akipigwa mawe, pamoja na wanyama wa ajabu na wachezaji wa sarakasi. Mawe matupu tunayoyapenda leo yangewashangaza waliojenga. Wao waliyafunika.

Santa Maria wa Taüll liko katikati ya kijiji na bado ni kanisa la parokia. Durro lina baraza pana la kuingilia na mnara mzito. Cardet limejengwa kwenye ukingo wa mteremko, na chini ya apsi kuna kripta, chumba ambacho hutakiona katika kanisa jingine la bonde hili. Cóll lina mlango wenye komeo la chuma kilichofuliwa zamani, na mawe yake yamechongwa kwa unadhifu kuliko kwingine. Kama muda ni mfupi, Barruera na Cóll ndiyo ya kuacha, na Sant Quirc ubaki nalo kwa sababu ya njia na mandhari zaidi kuliko jengo.

Nahitaji visa?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Omba katika ubalozi au kituo cha visa cha nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama ni Hispania, basi Hispania. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie angalau yuro 30,000. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024.

Kosa la kawaida kwa wanaokuja bondeni ni kuonyesha hoteli ya Barcelona peke yake, huku barua ya maelezo ikitaja siku tatu milimani. Ratiba, hoteli na barua vikipishana, ombi linatiliwa shaka. Weka nafasi ya hoteli Taüll, Boí au Barruera kwa jina lako, kwa usiku uleule uliotaja.

Nitafikaje?

Kwa gari, kutoka Barcelona hesabu saa tatu na nusu hadi nne. Kutoka Lleida kama saa mbili. Fuata barabara ya N-230 kuelekea kaskazini hadi mji mdogo wa El Pont de Suert, jaza mafuta hapo, kisha kilomita chache mbele, panapoitwa Campament de Tor, ukunje kulia kuingia L-500. Hiyo ndiyo barabara ya bonde. Ukijikuta kwenye mlango wa handaki la Vielha, umepitiliza mbali, rudi. Dereva mwenye leseni ya Afrika Mashariki abebe pia kibali cha kimataifa cha kuendesha, kinachotolewa nyumbani kabla ya safari.

Bila gari inawezekana, ila ina mateso yake. Treni ya kasi hufika Lleida kwa muda wa kama saa moja kutoka Barcelona, na kutoka hapo kuna basi la kuelekea Vielha linalopita El Pont de Suert. Shida ni kipande cha mwisho: mabasi ya kuingia ndani ya bonde ni machache na hubadilika kulingana na msimu. Piga simu hotelini kabla, uulize teksi. Usifike El Pont de Suert jioni ukitumaini kudandia chochote.

Kwenye ramani ya simu andika jina la kanisa na la kijiji pamoja. Ukiandika “Coll” pekee, neno ambalo kwa Kikatalani ni kipito cha mlimani, utaletewa vipito vya Katalunya nzima.

Makanisa hufunguliwa saa ngapi, na tiketi zinauzwaje?

Mpangilio wa kawaida ni saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, kisha kuanzia saa 10 alasiri hadi jioni. Vibao vya Hispania huandika saa hizo kama 10:00, 14:00 na 16:00. Usizichanganye, maana “10:00” pale ni saa nne yetu, na saa kumi yetu ni “16:00”. Kati ya saa 8 na saa 10 bonde lote hula chakula na kupumzika. Panga nawe kula wakati huo.

Makanisa makubwa yana kiingilio, na kuna tiketi za pamoja za makanisa kadhaa zinazopunguza gharama. Anzia Kituo cha Kiromaneski, kilicho Erill la Vall: ndicho kinachosimamia ziara, kina maonyesho mafupi ya utangulizi, na wahudumu wake watakuambia kanisa gani limefungwa siku hiyo. Makanisa madogo, hasa Sant Quirc na Cardet, hayawi wazi kila siku, na nje ya msimu hufunguliwa kwa ziara maalumu tu. Uliza siku moja kabla.

Siku moja inatosha?

Siku moja inatosha kwa makanisa matatu au manne, siyo tisa. Anayejaribu tisa hutumia siku kwenye kona za barabara na kufika milango imefungwa. Kwa siku moja: Erill saa 4 asubuhi, Boí kabla ya chakula, Taüll alasiri, ukimalizia Sant Climent wageni wakiwa wamepungua. Siku mbili zinaongeza Durro, Cardet na Cóll. Ya tatu itumie kwa miguu.

Naweza kutembea kutoka kanisa moja hadi jingine?

Ndiyo, na ndiyo namna bora, kwani njia za zamani za vijiji bado zipo na zina alama. Erill hadi Boí ni mwendo wa nusu saa, ukishuka hadi mtoni na kupanda. Boí hadi Taüll njia ya miguu hukata kona za barabara ya lami, lakini inapanda zaidi ya mita 200. Mwenye mapafu ya kawaida atachukua dakika 45. Taüll iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mkaazi wa Mombasa au Dar es Salaam atausikia mwinuko huo kifuani siku ya kwanza. Mawe ya njia huteleza yakilowa, hivyo vaa viatu vyenye soli ya kushika.

Niende mwezi gani?

Juni na Septemba. Julai na Agosti kuna watu wengi na maegesho ya Taüll hujaa mapema. Novemba hoteli nyingi hufunga. Kuanzia Desemba hadi Machi bonde ni la theluji, kuna kituo cha kuteleza cha Boí Taüll, na gari lazima libebe minyororo ya matairi. Jizoeze kuifunga barabarani pakavu kabla hujaihitaji. Ndani ya makanisa hakuna joto hata wakati wa kiangazi, beba sweta.

Juni na Julai vijiji husherehekea usiku wa mienge: vijana hushuka mlimani gizani wakibeba magogo ya msonobari yanayowaka hadi uwanja wa kijiji. Durro ndiyo huanza. UNESCO iliitambua desturi hii ya Pireneo mwaka 2015. Tarehe hutofautiana kwa kila kijiji, na vyumba hujaa mapema. Usivae nguo za nailoni, cheche zinaruka.

Kuna sheria za mavazi na picha?

Mavazi ya heshima yanatosha, hakuna anayekupimia urefu wa sketi. Kofia vua. Picha ni bila fleshi na bila stendi ya kamera, na wakati wa onyesho la mwanga zima kioo cha simu. Misa ikiwa inaendelea, ziara husimama. Unakaribishwa kusali, ila kamera iwe mfukoni.

Mzee au mtu wa kiti cha magurudumu ataweza?

Kwa sehemu. Vijiji vina mawe na miteremko, na minara haina njia nyingine zaidi ya ngazi. Sant Climent liko pembezoni mwa Taüll, karibu na barabara, nalo ndilo rahisi kufikika. Barruera pia, kwa kuwa kijiji kiko chini bondeni. Sant Quirc liache.

Naweza kuunganisha na hifadhi ya Aigüestortes?

Unaweza, mlango wake wa magharibi uko hapa. Hifadhi hii ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1955, hairuhusu magari binafsi ndani. Teksi za magari ya milimani huondoka uwanja wa Boí na kukuacha kwenye tambarare ya maji ya Aigüestortes. Muulize dereva saa ya teksi ya mwisho kurudi kabla hajaondoka, maana ikikupita utateremka kwa miguu, na ni kilomita nyingi.